Kabla Hujapanda Ndege Desemba: Mabomba ya Maji na Baridi ya Minnesota

Kama unaishi Minneapolis, Saint Paul au vitongoji vyake, na umeshakata tiketi ya kwenda kula Krismasi Dar, Nairobi au Bujumbura, haya nayaandika kwa ajili yako kwanza. Wanaobaki wataokota yanayowahusu. Ila ninyi mnaofunga nyumba wiki tatu au nne na kurudi katikati ya Januari ndio mnaonipa kazi kuliko wote, na ni kazi nisiyoipenda: kukunja mazulia yaliyolowa na kubomoa ukuta uliovimba, huku mwenye nyumba amesimama na masanduku yake hajui aanzie wapi.

Mimi ni fundi bomba. Ufundi nilianzia Tanga, ambako bomba linapita juu ya ardhi, juani, na maadui zake ni kutu na jembe la jirani. Huku linafichwa ukutani na chini ya sakafu, kwa hiyo likiwa na tatizo hulioni mpaka limeshakutia hasara. Siku za wiki nashughulikia matengenezo ya majengo ya kupangisha. Wikiendi ni nyumba za ndugu na marafiki, na malipo huwa pilau.

Baridi peke yake haitoshi

Maji huganda nyuzi 0 za sentigredi, yaani 32 za farenhaiti. Lakini bomba la ndani ya nyumba halianzi kusumbua hapo. Kiwango ambacho mafundi wa Marekani hukitumia kama kengele ya tahadhari ni nyuzi 20 za farenhaiti, karibu −7 za sentigredi, na hicho ni kwa bomba lisilofunikwa, lililopita mahali pasipo na joto, kama darini au gereji. Ndugu wa Texas, hiyo ndiyo namba yenu. Februari 2021 umeme ulikatika huko siku kadhaa, nyumba zikapoa, na mabomba yaliyopita darini yakapasuka mtaa kwa mtaa.

Sisi wa Minnesota tungeogopa nyuzi 20 tusingelala tangu Desemba mpaka Machi. Usiku wa kushuka chini ya 0 ya farenhaiti, yaani −18 za sentigredi, ni wa kawaida, na tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilifika −28, ambayo ni −33 kwa sentigredi. Nyumba za huku zimejengwa kwa kulijua hilo. Ndiyo maana bomba la Minnesota likiganda, mimi siulizi nje kuna baridi kiasi gani. Nauliza mambo mawili: upepo umeingilia wapi, na joto limezuiwa na nini? Karibu kila mara jibu linapatikana kwenye moja kati ya hayo.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui ni pale bomba linapopasukia. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9. Barafu ikishaziba bomba, inaendelea kukua na kuyasukuma maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa. Maji hayo hayana pa kwenda, mgandamizo unapanda, na bomba linatoboka pale palipo dhaifu, mara nyingi mbali na barafu yenyewe. Unaweza kukuta barafu iko nyuma ya sinki la jikoni na mpasuko uko futi kadhaa pembeni, kwenye kiungo. Ndiyo sababu kuacha koki ikitiririka kidogo kunasaidia hata kama bomba litaganda: mgandamizo unapata mlango. Na ndiyo sababu nyumba haifuriki usiku wa baridi kali, inafurika siku jua likirudi na ile barafu iliyokuwa kizibo ikayeyuka.

Mabomba mapya ya plastiki laini, yale ya PEX mekundu na ya buluu, yanavumilia zaidi kuliko shaba kwa sababu yananyumbuka. Yanavumilia, hayajapewa kinga. Viungo vyake havinyumbuki.

Ijue koki kuu leo, kabla ya kusoma zaidi

Teremka besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba. Tafuta mita ya maji. Katika nyumba nyingi za huku iko ndani, karibu na ukuta unaoelekea barabarani. Koki kuu iko hapo hapo kando yake. Ikiwa ni ya mkono mrefu, robo mzunguko inatosha: mkono ukilala sambamba na bomba maji yanapita, ukikingama maji yamefungwa. Ikiwa ni ya gurudumu dogo la duara, ile ya zamani, utazungusha mara nyingi, na huenda imeshikwa na kutu. Ikigoma usiifanyie ubabe; mwite fundi aibadilishe wakati hali ya hewa ni nzuri. Kugundua koki kuu haifungi huku maji yanamwagika darini ni mtihani.

Mwonyeshe kila mtu mzima wa nyumba, na watoto wakubwa pia. Funga kitambaa chekundu kwenye mkono wa koki. Mimi huandika ukutani kwa kalamu nene ya wino: FUNGA HAPA.

Tafuta upepo

Hapa ndipo pa kutumia muda wako, na pesa yako kidogo.

Chukua siku yenye upepo mwezi Oktoba au Novemba. Washa kijiti cha udi. Pita nacho taratibu pale bomba linapopenya ukuta: chini ya sinki la jikoni, nyuma ya mashine ya kufulia, kwenye choo kilicho upande wa nje, na besimenti pale juu kabisa ambapo mbao za sakafu zinakalia ukuta wa msingi. Moshi ukipanda wima, sawa. Moshi ukilala au ukikimbilia upande mmoja, umempata mwizi wako. Angalia tu usiwe karibu na karatasi wala mapazia.

Hebu nikupe mfano mmoja. Familia moja ya Wakongomani walikuwa na maji ya moto yanayogoma jikoni kila baridi ikishuka chini ya nyuzi 0 ya farenhaiti, ya baridi yanatoka vizuri. Mama alinipigia: “Fundi, hita ya maji imekufa.” Nikamuuliza kama bafuni maji ya moto yanatoka. “Bafuni yapo, papa, ni hapa jikoni tu.” Basi hita haina kosa. Nililala chali chini ya lile sinki na tochi mdomoni. Nyuma kabisa, mtu aliyekuja kuvuta waya wa televisheni alikuwa ametoboa ukuta, akapitisha waya wake, akaondoka. Tundu lenyewe halikuzidi unene wa kidole kidogo. Lakini lilikuwa limeelekea kaskazini, na bomba la maji ya moto lilipita mbele yake kama inchi mbili. Ukiweka mkono pale, kijiupepo chembamba kinakuchoma kama sindano. Kopo moja la povu la kupuliza, lile linalovimba na kukauka, likamaliza ugonjwa ambao walikuwa wameutibu kwa kuchemsha maji kwenye sufuria majira mazima.

Kwa matundu madogo tumia povu hilo au silikoni. Karibu na bomba la moshi la hita au la jiko usitumie povu la kawaida. Huko kuna vifaa vyake visivyoshika moto. Ile kingo ya juu ya besimenti inataka vipande vya ubao wa povu vilivyokatwa kwa kipimo na kuzibwa pembeni. Ni kazi ya Jumamosi moja kwa watu wawili.

Kisha sifongo za kuvalisha bomba, zile ndefu zenye mpasuo ubavuni, zinauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Zivalishe kwenye mabomba ya uvunguni, ya gereji, na yote yaliyo karibu na ukuta wa nje, ukiziba viungo kwa utepe. Lakini usidanganyike na sifongo. Kazi yake ni kama ya chupa ya chai: ukitia cha moto inakichelewesha kupoa, haina joto la kwake. Bomba lililoachwa mahali pasipo na joto kabisa litaganda ndani ya sifongo yake, kwa kuchelewa tu.

Na kuna kosa ninalolikuta hata kwenye kazi za watu wanaojiita mafundi. Wanafungua ukuta, wanaona bomba, wanaijaza ile pamba ya kioo mbele yake, kati ya bomba na chumba. Maana yake wameliondolea bomba joto la nyumba na kuliachia baridi ya nje. Pamba hukaa nyuma ya bomba, upande wa nje. Upande wa chumbani unaachwa wazi ili joto lilifikie.

Mpira wa bustani

Uchomoe Oktoba. Hata kama koki yako ya nje ni ile isiyoganda, ambayo kizibo chake kiko ndani kabisa ya ukuta. Koki hiyo inafanya kazi kwa kujimwaga yenyewe ukishaifunga, na mpira ukibaki umefungwa haiwezi kujimwaga. Maji yanakaa mle, yanaganda, bomba linapasuka ndani ya ukuta, na wewe hutajua mpaka Mei utakapotaka kumwagilia mchicha wako. Kama koki ni ya zamani, kuna koki nyingine ndogo upande wa ndani. Funga hiyo, kisha fungua ya nje ibaki wazi.

Usiku wa baridi kali

Redio zikitangaza hatari ya baridi, usiteremshe joto usiku ili kuokoa gesi. Acha namba ile ile mchana na usiku. Fungua milango ya makabati ya sinki la jikoni na bafuni, kwanza ukiwa umeondoa sabuni na dawa za kusafishia ikiwa kuna watoto. Mlango wa gereji ubaki umefungwa ikiwa kuna bomba humo. Koki ya ndani iliyo upande wa ukuta wa nje iache itiririke uzi mwembamba, unene wa ile risasi ya penseli. Na kama ni koki ya mkono mmoja uweke katikati, ili bomba la moto na la baridi yote yatembee.

Jiko la mkaa lisiingie ndani. Najua baridi ikikolea kuna anayelifikiria, na kuna wanaofungua oveni ya gesi ili kupasha jikoni. Hewa ya sumu inayotoka, kaboni monoksidi, haina harufu. Sheria ya Minnesota inataka king’ora cha hewa hiyo kiwepo ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala, kibonyeze ukisikie.

Wewe unayesafiri

Kuna wanaozima joto kabisa wakidhani nyumba tupu haihitaji. Usifanye. Teremsha, usizime. Kima cha chini kinachotajwa kila mahali ni nyuzi 55 za farenhaiti, kama 13 za sentigredi. Kwa nyumba za zamani za kusini mwa Minneapolis, zenye kuta zinazovuja upepo, mimi husema 60. Tofauti ya bili haifikii bei ya zulia.

Kabla ya safari, badilisha betri za themostati, kile kifaa cha ukutani cha kupangia joto la nyumba. Kitu kidogo, lakini betri zikiisha, hita ya kupasha nyumba haiwaki, na nyumba nzima inakufa kwa betri mbili. Badilisha na chujio la hita.

Asubuhi ya kuondoka, funga koki kuu. Halafu fungua koki ya juu kabisa ya nyumba na ya chini kabisa, kwa kawaida lile sinki la kufulia la besimenti, maji yaishe, vuta vyoo. Baada ya hapo hata bomba likipasuka, kitakachomwagika ni yale machache yaliyosalia. Hita ya maji ya gesi iteremshe kwenye alama ya likizo. Ya umeme izime kwenye sanduku la swichi, kwa sababu tangi likipungua maji huku umeme unawaka, kipashio cha ndani kinaungua. Acha milango ya vyumba na makabati wazi. Wala usifikirie kuondoka ukaacha koki ikitiririka wiki tatu; bomba la maji machafu likiganda, sinki linajaa na kufurika.

Tahadhari mbili hapa. Kama nyumba yako inapashwa na zile radieta za chuma zenye maji ya moto, zilizo nyingi kwenye nyumba za zamani za miji hii, muulize fundi wa mfumo huo kabla ya kufunga koki kuu, kwa sababu mfumo wenyewe huongezewa maji kutoka hapo. Na kama jengo lina vinyunyizio vya kuzima moto darini, koki yake usiiguse.

Ufunguo mwachie mtu. Awe mtu wa kuja kweli, shemeji au jirani, asiwe wa kukwambia “nitapita pita”. Mpe kazi zenye majina: atazame namba ya themostati, asikilize hita ikiwaka, ashuke besimenti aone sakafu, kisha azunguke nje aangalie yale mabomba meupe ya plastiki yanayotoka ubavuni mwa nyumba. Ndipo hita za kisasa zinapopumulia. Theluji ikiyaziba hita inajizima, na inajizima kimya. Themostati ya intaneti inayokutumia ujumbe ukiwa Kariakoo ni nzuri, niliyo nayo naipenda, ila umeme ukikatika na yenyewe inanyamaza, na jirani ndiye anayebaki.

Soma pia bima yako. Bima nyingi za nyumba hulipa bomba lililoganda kwa sharti kwamba ulichukua hatua za maana kuiacha nyumba na joto, au ulifunga maji na kuyamwaga. Piga picha themostati na koki kuu siku unayoondoka. Picha moja moja tu, zenye tarehe.

Wapangaji, na wa kwenye trela

Kama unapanga, kutoboa kuta si kazi yako, kutoa taarifa ni kazi yako. Andika ujumbe, usipige simu tu, ili ubaki na ushahidi. Katika Minnesota, mpangaji asiyejiwekea joto mwenyewe ana haki ya kupata angalau nyuzi 68 za farenhaiti, yaani 20 za sentigredi, tangu 1 Oktoba mpaka 30 Aprili. Ukidaiwa bili ya gesi au umeme, kipindi hicho hicho kuna kinga dhidi ya kukatiwa, lakini lazima uwapigie mpatane malipo. Kinga haiji kwa kunyamaza. Msaada wa kulipia joto upo, na ukipiga 211 watakuelekeza.

Trela ina uvungu wazi, na bomba linapanda kutoka ardhini humo. Sketi ya pembeni, ule ukuta mwembamba unaoziba uvungu, isiwe na pengo. Bomba linalopanda livalishwe waya wa umeme wa kupashia, wa aina inayojirekebisha joto, usipishane juu yake mwenyewe, na uchomekwe kwenye soketi yenye kinga ya shoti. Kila Oktoba ingia na tochi uangalie kama bado unawaka. Panya wanaupenda.

Maji yakishagoma

Kwanza: ni koki moja au nyumba nzima? Moto, baridi, au vyote? Hapo umeshajua nusu ya njia.

Iache koki wazi. Lifuate bomba kwa mkono mpaka upate pa baridi kupita kawaida, pengine pametoa umande mweupe. Ukiona pamevimba au pamechanika, funga koki kuu kabla ya chochote. Kama ni pazima, anza kupasha upande wa koki, urudi taratibu kuelekea palipoganda, ili yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Draya ya nywele inatosha, au taulo zilizochovywa maji ya moto. Tochi ya gesi ya kuchomelea usiishike kabisa. Nyumba za mbao zimeungua kwa kuyeyushwa mabomba. Bomba likiwa ndani ya ukuta, ongeza joto la nyumba, fungua makabati, weka hita ndogo ya umeme umbali wa mita moja kutoka kitu chochote, uichomeke moja kwa moja ukutani, na ukae nayo chumba kimoja.

Maji yakirudi, usishangilie ukaenda kulala. Zunguka nyumba nzima, gusa dari ya chini ya bafu, sikiliza ukuta.

Halafu kuna ile ya Machi. Jua linawaka, theluji inayeyuka, na nyumba nzima haina tone. Bomba la kutoka barabarani limeganda ardhini. Baridi inaendelea kushuka udongoni hata baada ya hewa kupata joto. Mwaka 2014 nyumba nyingi za Minnesota zilikauka hivyo. Pima maji ya koki ya baridi kwa kipimajoto cha jikoni tangu Februari: yakikaribia nyuzi 35 za farenhaiti, acha koki moja itiririke usiku na mchana. Yakishaganda, draya haifiki huko chini. Uliza majirani kama wanayo, kisha piga simu idara ya maji ya mji wako, na wakikuyeyushia uiache koki moja ikitiririka mpaka wakuambie ufunge, maana ardhi ya mbele ya nyumba yako bado ina barafu.